Hesabu ya Siku: Kwa Nini Magereza Yetu Hayapungui Watu

Mhadhara uliotolewa Nundu, teritware ya Fizi, Kivu ya Kusini

Wengine mmetoka Mboko, wengine Lusenda, wengine Abeka, na sote tunaijua barabara yetu mvua inaponyesha. Nitajitahidi kusema jambo linalostahili mwendo huo.

Nianze na daftari. Kazi yangu ya uavoka, yaani uwakili, huniingiza katika vyumba ambavyo wengi wenu mmeviona kwa nje tu. Siku moja, katika kasho, yaani chumba cha kuzuilia watu, ambalo sitalitaja jina, nilimwomba askari wa zamu anionyeshe orodha ya waliomo. Akaniletea daftari la shule lililofunikwa kwa karatasi ya saruji ili lisichakae. Kurasa zilikuwa zimepigwa mistari kwa rula: jina, kijiji, kosa, aliyemleta, tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka. Safu ya kuingia ilijazwa vizuri kabisa, kwa kalamu ya buluu na mwandiko safi. Safu ya kutoka ilikuwa nyeupe karibu ukurasa mzima. Kwenye mstari mmoja, mahali pa kosa, paliandikwa neno moja tu: deni. Nikamwambia askari kwamba kudaiwa peke yake si kosa la jinai. Alikuwa kijana mpole, hakukasirika. Akanijibu kwa jina la heshima la mawakili: "Metre, mimi nafunga tu. Wa kufungua yuko Uvira."

Jibu hilo limekaa nami tangu siku ile, na mhadhara huu umetokana nalo.

Tunaposikia redioni kwamba magereza yamejaa, wengi tunadhani wahalifu wameongezeka. Tunataja vita, silaha zilizosambaa, vijana wasio na kazi. Sikatai, hayo yapo na tunaishi nayo. Lakini tupige hesabu moja pamoja, hesabu ya darasa la nne. Chukueni kasho linaloingiza watu 10 kila mwezi. Kama kila mmoja anakaa mwezi mmoja kisha anaachiwa au anahukumiwa, siku yoyote utakayofika utakuta watu 10 ndani. Kama kila mmoja anakaa mwaka mzima akingoja, utakuta 120. Hakuna mwizi hata mmoja aliyeongezeka. Kijiji ni kilekile, makosa ni yaleyale, polisi ni walewale. Zilizoongezeka ni siku.

Magereza ya nchi hii yamejazwa na kungoja. Ukiangalia wingi wa wananchi wake, Kongo haifungi watu wengi; Rwanda na Marekani zinafunga watu wengi mara kadhaa zaidi kwa kila wananchi 100,000. Lakini ukipima msongamano, yaani watu waliomo kwa nafasi zilizopo, Kongo iko miongoni mwa nchi za juu kabisa duniani. Mambo hayo mawili yanawezaje kuwa kweli kwa pamoja? Kwanza, nafasi ni chache, kwa sababu majengo mengi ni yale tuliyoachiwa na Wabelgiji. Pili, na hili ndilo kubwa, karibu watu 7 kati ya 10 waliomo magerezani hawajahukumiwa. Kiswahili kinatupa maneno mawili hapa, tuyatumie kwa uangalifu. Mfungwa ni yule ambaye hakimu amemsikiliza na kumpa adhabu. Anajua mwaka wake wa kutoka, hata kama uko mbali. Mahabusu hajui. Tunapozungumzia magereza ya Kongo, kwa sehemu kubwa tunazungumzia mahabusu.

Sheria yetu inasema nini? Ibara ya 17 ya Katiba inasema uhuru wa mtu ndio kanuni, na kumzuia ni jambo la pekee. Ibara ya 18 inasema polisi hawawezi kumshika mtu zaidi ya saa 48. Zikipita, aachiwe au akabidhiwe kwa mamlaka ya sheria. Ibara hiyohiyo inaongeza kwamba kila aliyezuiliwa atunzwe kwa namna inayolinda uhai wake, afya yake na utu wake. Kisha ipo kanuni ya mwenendo wa jinai ya tarehe 6 Agosti 1959, ambayo bado tunaitumia. Kwa kanuni hiyo, parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, ikitoa hati ya kumkamata mtu kwa muda, ina siku 5 za kumfikisha mbele ya hakimu. Hakimu akikubali azuiliwe, amri yake ni ya siku 15. Baada ya hapo inaongezwa mwezi kwa mwezi, na ikishaongezwa mara 3 mfululizo, hakimu lazima asikilize jambo hilo hadharani, watu wote wakiona. Huu ni ukuta mzuri wa sheria. Waliouandika walijua kwamba mtu akifungiwa bila tarehe anasahaulika.

Lakini katika zile siku 5 pana maneno machache ambayo sisi watu wa Fizi tunapaswa kuyajua kwa moyo. Kama parke iko mbali na hakimu, muda wa safari ulio wa lazima hauhesabiwi. Mtunga sheria alifikiria umbali, na alifanya vema. Ila kwetu umbali umegeuka kuwa sababu ya kila kitu. Gari la kupeleka mahabusu halipo. Mafuta hayapo. Daraja limebomoka. Njia ina vizuizi vya watu wenye bunduki. Hakimu amekwenda Bukavu, na Bukavu hakuna anayejua atarudi lini. Kila sababu ukiichukua peke yake ni ya kweli, nami nimezishuhudia zote. Ukizijumlisha, unapata kijana aliyeshikwa kwa ajili ya baiskeli anayekaa ndani zaidi ya muda ambao hakimu angempa kama angemkuta na hatia siku ya kwanza.

Kijana huyo si mfano wa kubuni kwa ajili ya mhadhara. Mama yake nilimkuta asubuhi moja nje ya kasho, amekaa juu ya jiwe, sahani mapajani. Ugali wa muhogo, ndagala kidogo, sombe, vyote vimefungwa ndani ya kitenge kisichobana sana ili mvuke utoke. Alikuwa anatembea saa mbili kuja na saa mbili kurudi. Nilimwuliza mwanawe amekaa humo muda gani. Hakunitajia miezi. Alisema: "Alishikwa tukipanda muhogo wa kando ya mto. Sasa tunapalilia mara ya pili." Nilimwuliza kama mwanawe anakula chakula chote hicho. Akatikisa kichwa. Mle ndani kuna wengine wasio na mama karibu, na kuna kapita, mahabusu mzee anayeongoza wenzake, ambaye hupokea sehemu yake kwanza. Kwa hiyo mama alikuwa anapika kwa watu wanne. Alikuwa ameshauza mbuzi wawili. Baiskeli iliyosemekana kuibwa haikufikia bei ya mbuzi hao.

Nisikilizeni hapa, hasa ninyi mnaosema kwamba gereza ni mzigo wa serikali. Huku kwetu kasho linalishwa na mama, dada na wake, na katika magereza makubwa ya mji hali haipishani sana. Chakula cha gereza katika nchi yetu kina jina linalojulikana kuanzia Kinshasa hadi Kivu: vungule, mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja. Mara nyingi ni mlo mmoja kwa siku, na zipo siku ambazo haupo. Mwanzoni mwa mwaka 2020 watu walikufa katika gereza la Makala kwa njaa na magonjwa, dawa na chakula vikiwa vimekwisha. Hawakuwa wamehukumiwa kifo.

Makala lenyewe linahitaji maneno zaidi, kwa kuwa ndilo lililoiamsha nchi. Lilijengwa Kinshasa wakati wa ukoloni kwa watu 1,500. Mwaka 2024 lilikuwa na kati ya 14,000 na 15,000. Pale ambapo mtu mmoja aliwekewa nafasi, walilala karibu 10. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba 2024 waliomo walijaribu kutoka. Serikali ilitangaza waliokufa ni 129. Kati yao 24 kwa risasi, na wengi wa waliobaki kwa kukanyagana na kukosa hewa. Wanawake waliokuwa wamefungwa humo walibakwa usiku huohuo. Naomba tuitafakari namna hiyo ya kufa. Mahali ambapo hewa haitoshi hata usiku wa kawaida, watu wakikimbia, hewa inakwisha.

Baada ya hapo mjadala wa kupunguza idadi ukawa mkali. Waziri wa sheria wa wakati huo, Constant Mutamba, alikuwa ameshaanza kuwaachia watu, na mwezi huohuo wakatolewa wagonjwa zaidi ya 1,600. Picha zao wengi mlizisambaza kwenye simu: wanaume waliobebwa mabegani, miguu imekuwa kama vijiti. Wako waliosema serikali imefungulia wezi. Wako waliosema imechelewa. Na jambo hili halikuwa letu peke yetu. Septemba hiyohiyo ya 2024 Uingereza, nchi tajiri, iliwatoa wafungwa wapatao 1,700 kwa siku moja kabla ya muda wao, kwa kuwa vyumba vilikuwa vimekwisha. Jirani zetu wa Burundi nao walitangaza Novemba mwaka huo kuwaachia zaidi ya 5,000 kati ya watu 13,211 waliokuwa magerezani. Ndugu zetu wakimbizi wa kambi ya Lusenda mliopo hapa mnakumbuka kwa nini Burundi haiwezi kulichukulia jambo hili kwa wepesi: Desemba 2021 gereza la Gitega, lililojengwa kwa watu 400 na likiwa na zaidi ya 1,500, liliwaka moto, na kwa hesabu ya serikali wakafa 38.

Na wale mlioishi kambi ya Nyarugusu, upande wa pili wa ziwa, mnaikumbuka tarehe 9 Desemba 2017. Rais Magufuli aliwasamehe wafungwa 8,157 wa Tanzania, na miongoni mwao Nguza Viking, mwanamuziki mwenzetu mwenye asili ya Kongo, pamoja na mwanawe Papii Kocha, waliokuwa na kifungo cha maisha tangu 2004. Watu walicheza barabarani. Lakini watetezi wa watoto waliumia sana, maana hatia iliyowafunga ilikuwa ya kubaka watoto wa shule. Siku ile wale 8,000 na zaidi hawakuzungumziwa. Yalizungumzwa majina mawili.

Kwa maoni yangu, msamaha ni jambo la huruma na wakati mwingine ni la lazima, hasa kwa wagonjwa, wazee na akina mama wenye watoto wachanga. Lakini kama dawa ya msongamano wa Kongo haufiki kwenye kidonda. Sababu ni rahisi: anayesamehewa ni yule aliyehukumiwa. Rais hawezi kumfutia adhabu mtu ambaye hana adhabu. Wale 7 kati ya 10, mahabusu, msamaha unawapita mlangoni wakiwa wamekaa palepale. Na kasho likishapunguzwa leo huku siku za kungoja zikibaki vilevile, baada ya mwaka mmoja litakuwa limejaa kama mwanzo. Rudini kwenye hesabu yetu ya watu 10 kwa mwezi.

Wengine wanasema tujenge magereza zaidi. Nami nataka majengo bora. Hakuna mtu anayestahili kulala kwa zamu, nusu wakisimama ili nusu walale. Ila tuwe wakweli. Tarehe 2 Septemba 2025, mwaka mmoja kamili baada ya usiku wa Makala, mahakama ya juu huko Kinshasa ilimhukumu Mutamba yuleyule miaka 3 ya kazi ngumu kwa ubadhirifu wa fedha, dola milioni 19 zilizohusu ujenzi wa gereza jipya Kisangani. Yeye alikana kosa. Mimi sina neno la kuongeza juu ya hukumu. Nataja jambo hilo kwa sababu siku ya hukumu hiyo gereza hilo jipya lilikuwa halijalaza mtu hata mmoja, na mahabusu wa 2024 walikuwa wanangoja jalada, jambo ambalo tofali haliwezi kulifanya.

Sasa niseme lile ambalo ni gumu kulisema hapa Kivu. Mwaka 2025 magereza yetu yalipungua watu kwa maelfu, na hakuna hakimu aliyehusika. Tarehe 27 Januari, waasi wa M23 walipoingia Goma, gereza la Munzenze, lililojengwa kwa watu wapatao 350, lilifunguka na maelfu wakatoka. Umoja wa Mataifa ulieleza kwamba wanawake wasiopungua 165 walibakwa na wafungwa wanaume wakati wa kutoroka huko, na wengi wao wakafa katika moto uliowashwa. Katikati ya Februari likafunguka gereza la Bukavu, na siku chache baadaye la Uvira. Kabla ya hapo Beni ilishalipitia hilo mara mbili, Juni 2017 na Oktoba 2020, wafungwa mamia kwa mamia wakitolewa kwa mashambulizi ya gereza la Kangbayi.

Tazameni matokeo yake kwa watu wawili. Wa kwanza alikuwa amehukumiwa kwa ubakaji. Sasa yuko huru, na yule aliyetoa ushahidi dhidi yake anakutana naye sokoni. Wa pili alikuwa mahabusu, na pengine hana hatia. Naye yuko nje, lakini hana karatasi ya kumwachia. Anaishi kama mtoro. Hathubutu kurudi kijijini wala kupita kizuizi cha polisi. Risasi imewapa wote wawili mlango uleule na haikumtendea haki hata mmoja.

Hapa najua swali la mama zetu, kwa kuwa nimeulizwa mara nyingi, na ni swali la haki: Metre, mkipunguza wafungwa, sisi tutalala wapi? Nalijibu kwa habari ambayo ni ya kwetu, ilitokea katika teritware hii, na inafundishwa mbali kuliko inavyokumbukwa hapa.

Usiku wa mwaka mpya, tarehe 1 Januari 2011, wanajeshi waliwabaka wanawake wengi Fizi. Korti ya kijeshi ikaletwa Baraka. Majaji, mwendesha mashtaka, mawakili wa pande zote na makarani walikuja na majalada yao, kwa gharama zilizobebwa kwa sehemu kubwa na wafadhili wa kigeni. Wanawake 49 walijitokeza kutoa ushahidi. Washtakiwa walikuwa 11, na mkubwa wao alikuwa kamanda mwenyewe, Luteni Kanali Kibibi Mutware. Tarehe 21 Februari 2011 hukumu ikasomwa Baraka. Kibibi alipewa miaka 20 kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, na maofisa wengine 3 wakapewa 20 vilevile. Wengine walipata miaka pungufu ya hiyo. Mmoja aliachiwa kwa kukosekana hatia. Mmoja alikuwa mtoto kwa umri, akapelekwa kwenye mahakama ya watoto.

Kuanzia kosa hadi hukumu zilipita siku 51.

Sheria ya mwaka 2006 juu ya ubakaji inataka uchunguzi wa awali umalizike ndani ya mwezi 1 na hukumu itolewe ndani ya miezi 3. Mara nyingi tunaambiwa kwamba muda huo hauwezekani katika nchi kama yetu. Uliwezekana Baraka, kwenye barabara hiihii, kwa mashtaka mazito kuliko yote na mshtakiwa mwenye cheo na askari nyuma yake. Na tafadhali angalieni jambo ambalo hupita bila kuonwa: kesi iliyokwenda haraka ndiyo iliyomfunga mkosaji, na ndiyo iliyomtoa asiye na hatia. Kama mambo yangekwenda kama kawaida, yule aliyeachiwa angekaa mwaka au miwili pamoja na waliohukumiwa, na pengine mashahidi wangechoka, wangehama, wangetishwa, mwisho hata mwenye hatia angetoka. Mama anayeuliza atalala wapi, na mama aliyekaa juu ya jiwe na sahani yake, wanadai kitu kimoja. Wote wanataka hakimu afike.

Basi tufanye nini wakati majeshi bado yako milimani na nusu ya ofisi za serikali haijui kesho yake? Nitasema machache ninayoyaamini, na sitajifanya kwamba yote ni mepesi.

La kwanza ni hakimu anayetembea. Korti za kuhamahama zimekuwa jambo la wafadhili: fedha zikija, korti zinakuja; zikikatika, korti zinakoma. Naziomba mamlaka za jimbo zizihesabu kama kazi ya kawaida ya mahakama, kama vile daktari wa zone ya afya ya Nundu anavyotembelea vituo vyake. Hakimu akifika Mboko na Baraka kila baada ya miezi miwili kwa tarehe inayojulikana, hesabu yetu inabadilika mara moja, kwa sababu mshtaki naye atajua kwamba hawezi kumwacha mdeni wake aozee ndani kwa kimya. Nasema hivyo kwa kuwa madeni mengi huingia kasho yakiwa yamevikwa jina la abi de konfiansi, yaani kutumia vibaya mali uliyokabidhiwa, ambalo ni kosa kweli na lina kifungo cha hadi miaka 5. Hakimu ndiye anayeweza kuvitenganisha. Akikosekana, kila deni ni wizi.

La pili linawahusu wazee. Wabembe tunayo Lubunga, na makabila mengine mliopo hapa mna mabaraza yenu. Kuku aliyepotea, mpaka wa shamba, matusi ya kwenye pombe, baiskeli iliyochelewa kurudishwa: hayo wazee waliyasuluhisha kabla hatujawa na kasho, na bado wanaweza. Majirani wetu wameingiza wazo kama hilo katika sheria zao kwa njia nyingine. Kenya tangu 1998, Uganda tangu 2000 na Tanzania tangu 2002, hakimu anaweza kumpa mwenye kosa dogo kazi ya jamii badala ya kifungo. Anafagia hospitali, anachimba mtaro wa shule, jioni analala kwake. Lakini niseme kwa sauti, na wazee mnisamehe: ubakaji si mali ya Lubunga. Kwa sheria ya 2006, faini ya maelewano haizimi kesi hiyo. Mbuzi wanaopelekwa kwa baba wa msichana hawamtibu msichana, na mzee anayesimamia maongezi hayo anamficha mhalifu.

La tatu ni dhamana. Kanuni yetu ya 1959 inamruhusu hakimu kumwachia mahabusu kwa muda, kwa kiasi cha fedha kinachorudishwa akitii masharti. Wengi hawajui kwamba fedha hiyo ina risiti na ina njia ya kurudi. Wanaitoa mkononi, bila karatasi, na ikipotea wanasema ndivyo sheria ilivyo. Sivyo.

La nne ni la vijana wetu waliosoma. Malawi, nchi maskini kama yetu, ilianza mwaka 2000 kuwatuma wasaidizi wa sheria, watu wasio mawakili lakini waliofunzwa, waingie magerezani na kuwaeleza mahabusu haki zao, kuandika tarehe zao na kuwakumbusha mahakimu majalada yaliyolala. Kazi yao kubwa ni ya karani: kuhesabu siku za mtu na kubisha hodi zinapopita. Hapa Nundu tuna vijana waliohitimu shule za sekondari wanaokaa wakingoja ajira. Kuhesabu mpaka saa 48, siku 5, siku 15 na miezi 3 hakuhitaji chuo kikuu.

Na ninyi ndugu zangu wa polisi na parke, sikuja kuwaaibisha. Najua mishahara yenu, na najua askari anayelala mlango wa kasho halali vizuri kuliko aliyemo. Kijana yule wa daftari alisema kweli, hakuwa na ufunguo wa kesi. Lakini alikuwa na kalamu. Kila Jumatatu angeweza kuandika orodha ya waliopitisha saa 48 na kuituma kwa mkubwa wake, nakala kwa parke. Orodha hiyo haivunji amri ya mtu. Inamnyima mkubwa neno moja tu, "sikujua".

Nawaomba wote waliopo hapa. Mwenye ndugu, mtoto, jirani au mfanyakazi wake ndani, kesho asubuhi aende na kalamu pamoja na chakula. Aulize mambo matatu: alishikwa tarehe gani na saa ngapi, kwa kosa gani lililoandikwa, na ni hakimu gani aliyetia sahihi kwamba azuiliwe. Ayaandike. Akiambiwa hakuna hakimu, aiandike hiyo pia, kisha alete karatasi hiyo kwa shefu wake, kwa pasta au padri wake, au kwa avoka yeyote aliye karibu. Mimi nitazipokea, na sitatoza kitu kuzisoma.